Msamaha wa Nyamizi

Nyanjige hakuwa mtu wa kukaa. Hata msibani kwa mumewe, wenzake walipojinyoosha mikekani, yeye alizunguka kutafuta kuni, kuchota maji, kufukuza kuku, mradi mikono isibaki mitupu. Kwa hiyo siku alipoambiwa aketi kwenye benchi la zahanati ya misheni pale Bukundi asubiri kuitwa kwenye redio ya upepo, aliketi kidogo, akasimama, akafunga kanga yake upya, akaenda hadi pembe ya jengo kutazama mawingu, akarudi, akaketi tena. Mzee Machibya, mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja kuwa shahidi wake, alimwambia atulie maana anamtia kizunguzungu.

Kilichompeleka pale ni ugonjwa wa Nyamizi, mke mwenzake. Wote wawili waliolewa na Nyanda, na Nyanda alipofariki watu walikaa macho kusubiri vita. Vita haikuja. Wajane wale waliendelea kulima shamba moja na kupika jiko moja, wakaenda pamoja kama maksai waliozoea nira moja. Kisha tumbo la Nyamizi likaanza kuvimba upande mmoja. Mizizi ilichemshwa, maombi yakafanywa, na mwishowe lori la pamba likampeleka Bariadi. Daktari akasema ni uvimbe, utolewe mapema.

Lakini zama zilikuwa zimebadilika. Zamani mtu alikwenda hospitali na ugonjwa wake tu. Sasa serikali ilikuwa imetangaza kwamba kila mgonjwa achangie gharama, na asiye na uwezo aombe msamaha. Neno hilo lilimkera Nyanjige tangu alipolisikia mara ya kwanza. Msamaha huombwa na aliyekosa. Nyamizi alikuwa amekosa nini, zaidi ya kuugua?

Kwa kawaida afisa ustawi wa jamii alitoka Bariadi akaja kuiona kaya kwa macho yake kabla ya kuandika kwamba ni maskini. Mwaka ule hakuweza. Mvua zilizoitwa El Nino kwenye taarifa ya habari zilikuwa zimeanza, na watu wa Bukundi, wasiojua jina hilo, waliona tu kwamba mbingu imetoboka. Mito ilivuka kingo, barabara zikageuka matope ya kumeza gurudumu, na Bariadi, ambayo si mbali sana kwa mtu mwenye gari, ikawa mbali kama Ulaya. Ndipo misheni ikakubali kumwazima afisa yule mtandao wake wa redio ya upepo. Yeye angekaa kwenye mashine kule Bariadi, waombaji wangekwenda kwenye zahanati au parokia iliyo karibu, na mahojiano yangefanyika hewani.

Ulikuwa mpango mzuri, ila redio ya upepo haina siri. Anachosema wa Bukundi husikiwa Bariadi, husikiwa Malampaka, husikiwa Nassa, na kila aliyewasha mashine yake. Watu walikwisha kuligundua hilo, na asubuhi za mahojiano madirisha ya zahanati yalijaa vichwa. Umaskini wa jirani, ukisomwa kwa sauti, una wasikilizaji wengi.

Asubuhi ile ilianza na Nassa. Kutoka kwenye benchi, Nyanjige alisikia sauti ya bibi mzee, safi, yenye Kiswahili cha katekisimu. Jina lake Mektilda, mjane wa katekista. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando, na alisikia kwamba madaktari wa macho watakuja Bariadi mvua zikipungua. Afisa, mwanamke aliyejiita Gloria, alimuuliza shamba, akauliza nyumba, akauliza mifugo, kisha akauliza kama ana mtoto wa kumsaidia.

Bibi alisema anaye mmoja tu, wa kiume, anaitwa Malimi. Alikuwa mnunuzi wa pamba. Soko lilipofunguliwa na kila mwenye mizani akaruhusiwa kununua, alipata, lakini sasa ameanguka, hana hata kuku. Alikuja nyumbani akalia mbele yake, mtu mzima, machozi kabisa. Tangu siku ile yeye hakumwomba kitu tena.

Nyanjige alisimama. Safari hii hakwenda popote. Alisimama tu, mkono ukiwa umeshika nguzo ya baraza.

Malimi mwana wa katekista, mnunuzi wa pamba wa Nassa. Ng'ombe waliojaa zizi lake yeye Nyanjige walikuwa wa mtu huyo.

Aliwaleta kidogo kidogo, enzi za uhai wa Nyanda, kila msimu alipouza pamba vizuri. Wasukuma wana desturi ya kubilisa: mwenye ng'ombe wengi huwaweka kwa mtu mwingine awatunze, na mtunzaji hunywa maziwa, hutumia samadi, na muda ukipita hupewa mtamba wake kama asante. Hakuna aibu ndani yake. Ila Malimi alitaka iwe siri. Alimwambia Nyanda kwamba ndugu ni kama kupe, wakinusa ngozi hawabanduki. Nyanda akakubali, na kijiji kikaamini kwamba ng'ombe wale ni wake. Alipokufa, Nyanjige alirithi siri ile pamoja na kazi ya kukamua. Akarithi na lawama, maana majirani walimwona mwanamke mwenye zizi limejaa anayeomba chumvi, wakasema ni bahili.

Nyamizi alipozidiwa, Nyanjige alikuwa amemtumia Malimi ujumbe kupitia kwa dereva wa lori, akiomba ruhusa ya kuuza ng'ombe mmoja. Jibu lilirudi kwa dereva yule yule: asithubutu.

Athanasi, tabibu wa zahanati, alimwita ndani. Chumba kilikuwa kidogo, kinanuka spiriti na betri. Alimwonyesha kipaza sauti, akamwambia abonyeze akisema, na akimaliza aseme "ova" na aachie.

Maswali ya kwanza yalipita. Mume alikufa lini, watoto wangapi, shamba linatoa nini. Kiswahili cha Nyanjige kilikuwa cha mnadani, kifupi, chenye Kisukuma ndani yake, lakini kilitosha. Kisha sauti ya Bi Gloria, iliyochoka, ikasema kuna taarifa ya ng'ombe zizini kwake, je, ni kweli?

"Ni kweli," Nyanjige akasema. "Lakini ni za watu."

"Watu gani, mama? Ova."

Vichwa vya dirishani vilisogea. Mzee Machibya aligeuka kumtazama kana kwamba ndiyo kwanza anakutana naye. Nyanjige alibonyeza kitufe na hakusema. Aliwaza kwamba akilitaja jina, bibi wa Nassa atakuwa na mtoto mwenye mali, na asiye na haki ya msamaha ni yule mwenye mtoto wa kumtunza. Asipolitaja, Nyamizi ni mke wa tajiri. Aliachia kitufe.

"Mama, sijakupata," ikasema redio. "Kama huwezi kuwataja, itabidi niandike ni wako. Na kaya yenye ng'ombe wa kiasi hicho haiwezi kupewa..."

Hapo sauti ikafifia, ikakoroma, ikazimika. Betri ya gari iliyolisha mashine ilitegemea jua, na jua lilikuwa halijaonekana muda mrefu. Athanasi alikagua waya, akatikisa kichwa. Alisema warudi siku jua likitoka.

Jua halikutoka. Mvua ilikesha, ikapumzika kidogo kama mtu anayevuta pumzi, ikaendelea. Nyanjige alifanya kazi ambazo hazikuwa na haja ya kufanywa. Alihamisha kuni kutoka upande mmoja wa jiko hadi mwingine. Alifagia ua wenye matope. Alikwenda zizini akasimama katikati ya ng'ombe waliolowa, akawatazama mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na jina alilompa yeye mwenyewe, maana mwenye mali hakuwahi kuwapa majina. Wazo la kuuza mmoja kimya kimya lilimjia, likaondoka, likarudi. Mnada ulikuwa ng'ambo ya mto usiovukika, na hata ungekuwa karibu, kuuza ng'ombe wa kubilisa ni wizi, na mwizi wa ng'ombe hana kwao.

Mzee Machibya alimfuata nyumbani, miguu imejaa tope hadi magotini. Hakukaa. Alimwambia waziwazi kwamba yeye ni rafiki wa marehemu, hivyo atasema kama rafiki: ng'ombe ni za Nyanda, kijiji kizima kinajua, na kumwacha mke mwenza afe ili zizi lisipungue ni jambo ambalo watu hawatalisahau. Nyanjige alimsikiliza akiwa ameshika ndoo. Alitamani kumjibu. Alimpa maziwa, mzee akakataa kuyanywa.

Jioni ile Kwandu, binti mdogo wa Nyamizi, aliuliza kama mama yake hospitalini anapewa maziwa. Nyanjige akasema anapewa. Hakujua. Alichojua ni kile Athanasi alichopokea kabla mashine haijazimika: Nyamizi ameanza kukataa chakula, na daktari anasema asicheleweshwe.

Kilichomtesa zaidi hakikuwa Malimi. Huyo Nyanjige angeweza kumpeleka mtoni akamsukuma bila majuto. Ni sauti ya yule bibi. Ilikuwa imemkaa masikioni: "alilia mbele yangu." Bibi yule alikuwa amejenga amani yake juu ya machozi ya mwanawe. Nani alimpa Nyanjige, mtu wa mbali asiyemjua, ruhusa ya kwenda kuibomoa hewani, Malampaka na Bariadi wakisikiliza?

Asubuhi mawingu yalipopasuka na jua likamwagika juu ya matope, hakusubiri kuitwa. Alikamua haraka haraka, akaacha ndoo kwa watoto, akakata njia ya mkato iliyojaa maji hadi mapajani. Alifika zahanati kabla Athanasi hajamaliza kufunga waya. Alizunguka jengo lile mara nyingi hadi nyasi zikalala. Machibya alikuja, hakumsalimu. Vichwa vikajaa dirishani.

Bi Gloria alipoita Bukundi, Nyanjige alikuwa tayari amekishika kipaza sauti.

"Dada, nisikilize hadi mwisho," akasema. "Ng'ombe hizo ni za Malimi, mnunuzi wa pamba, mwana wa katekista wa Nassa. Alimpa mume wangu azitunze kwa siri. Mimi nakunywa maziwa tu, mkia hata mmoja si wangu. Nilimwomba niuze mmoja nimtibu mwenzangu, akakataa. Na yule mama wa Nassa hakusema uongo. Alidanganywa. Naomba usimkate kwa maneno yangu. Ova."

Akaachia kitufe.  Redio ilichemka peke yake, kama sufuria iliyosahauliwa motoni.  Bi Gloria alianza kusema kitu, na kabla hajakimaliza sauti nyingine ikaingia, ya mwanamume, ikasema hii ni Nassa na kuna mtu anaomba nafasi.

"Mayu wa Bukundi, mwangaluka," ikasema sauti ya bibi, ikimwita mama na kumwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," Nyanjige akajibu. 

"Ng'ombe hao umewaona kwa macho yako?"

"Nawakamua kila siku, mayu."

Athanasi akainama kutazama taa ya betri kama bado inawaka. Ilikuwa inawaka.

"Haya," bibi akasema. "Dada wa Bariadi, futa jina langu. Nilidhani mimi ni maskini. Kumbe nina mtoto asiyenitaka, na ugonjwa huo hauna msamaha wa serikali. Huyo mama mwandike. Ametaja kitu ambacho kingemfaa kukificha, abaki na maziwa yake."

Bi Gloria alipojibu, sauti yake ilikuwa imepungua ule uchovu wa kiofisi. Alimwambia bibi kwamba hafuti jina la mtu kwa sababu ya habari ya asubuhi moja. Ataliacha palepale hadi Malimi apatikane na aulizwe. Kisha akamtaka shahidi wa Bukundi. Mzee Machibya alikichukua kipaza sauti kwa mikono miwili, akakisogeza mbali na mdomo, akakirudisha. Alisema yeye aliamini ng'ombe ni za marehemu, na alimsema huyu mama vibaya, nyumbani kwake, mbele ya watoto. Leo ndiyo amesikia. Kwa jinsi anavyomjua, hana uongo.

"Nyamizi amepata msamaha," ikasema redio. "Namwambia daktari sasa hivi. Ova."

Watu dirishani walipiga vigelegele. Nyanjige alitoka nje kwa mlango wa nyuma. Alitarajia furaha, akakuta kitu kama kiu. Njia nzima alitembea mbio bila kujua anakimbilia wapi, na alipofika nyumbani alishika ufagio.

Habari kutoka Bariadi zilikuja vipande vipande: amepasuliwa, ana homa, homa imeshuka, ameomba uji. Kila kipande kilimpa Nyanjige utulivu wa nusu siku. Mlio wowote wa injini ulimfanya atazame barabarani, maana alijua Malimi atakuja mara udongo ukishika gurudumu.

Alikuja kwa pikipiki, nyuma yake vijana wawili wachungaji wenye fimbo. Alikuwa amekonda kuliko Nyanjige alivyomkumbuka. Hakutoa salamu. Alisimama langoni mwa zizi, akawaamuru vijana watoe miti ya lango. Majirani walianza kusogea, wengine wakijifanya wanatafuta mbuzi.

"Ungesema ni za mumeo," alimwambia Nyanjige. "Ingekugharimu nini?"

"Ingemgharimu Nyamizi."

"Mama yangu hapokei salamu zangu. Nimekwenda na sukari, ameitoa nje ikaliwa na kuku. Hilo ndilo ulilonunua."

 Mti wa mwisho wa lango ulikuwa umebaki, na mikono ya Nyanjige, isiyojua kukaa, ilikuwa imekwisha kuushika.

"Chukua ng'ombe zako," akasema. "Mtamba wangu unabaki."

Malimi alicheka kidogo. Aliuliza mtamba gani, na ni nani alikuwepo walipopatana. Walikuwa wawili, yeye na Nyanda, na Nyanda yuko chini ya udongo. Mkataba bila shahidi ni ndoto.

"Shahidi hukumtaka wewe," Nyanjige akamwambia. "Sasa wapo. Bariadi wanajua nani amezitunza. Malampaka wanajua. Kwenu Nassa wanajua. Kesho Athanasi anawasha mashine. Nitakwenda kuwaambia na mwisho wake, kwamba umezichukua zote na mjane hukumwachia hata kwato."

Malimi aligeuka akawaona majirani, na Mzee Machibya miongoni mwao akiwa ameegemea fimbo. Alinyoosha kidole kwa mtamba mmoja mwembamba, mwenye mbavu za kuhesabika. Nyanjige akatikisa kichwa. Akaonyesha mwingine, mweusi, ambaye mama yake alikuwa wa maziwa mengi. Walitazamana. Mwishowe Malimi akaguna, akawapa vijana ishara, na mtamba mweusi akazuiwa pembeni wakati wenzake wakitoka.

Kabla hajawasha pikipiki, Nyanjige alimsogelea. Alimwambia kwa sauti ya chini, ambayo majirani hawakuipata, kwamba madaktari wa macho wanafika Bariadi mwezi ule, na kwamba ampeleke mama yake. Salamu zitakuja baadaye, au zisije. Malimi akapiga pikipiki moto akaondoka.

Zizi likabaki na mtamba mmoja ambaye hajapandwa, asiyeweza kutoa hata kikombe cha maziwa. Watoto walikunywa uji mkavu na kunung'unika. Majirani waliokuwa wakimwita bahili sasa walileta maziwa, siku za mwanzo. Baadaye wakapunguza, kama watu wanavyopunguza.

Nyamizi alirudi barabara zilipokauka, juu ya lori, ameshika tumbo kwa mikono miwili kila gari liliporuka. Alikuwa mwepesi kama bua. Kwandu alimng'ang'ania asimwachie hata aende chooni. Jioni, Nyamizi alipokwisha kuambiwa yote, alisimama langoni mwa zizi lililobaki na mtamba mmoja akatazama muda mrefu.

Ndipo naye akatoa ya kwake. Siku za mwisho wodini alimwona bibi mmoja ameletwa kutoka Nassa, jicho moja limefungwa bendeji, na mwanamume mrefu ameketi nje kwenye benchi. Manesi walisema ni mwanawe, ndiye aliyelipa. Bibi alisalimia kila mtu mle ndani, wagonjwa, wafagiaji, wageni wa watu wengine. Yule wa nje alimwita "huyo." Mwambieni huyo alete maji. Mwambieni huyo mimi nalala.

"Alikuja hata hivyo," Nyanjige akasema.

"Alikuja. Kila siku alikuja." Nyamizi alijikalisha polepole juu ya kinu kilicholala. "Dada, na kama yule bibi asingesema kitu? Kama angekaa kimya?"

Nyanjige alifikiri. Jambo hilo alikuwa amelizunguka kila siku, shambani, kisimani, kitandani, na hakuwa amelipatia mwisho.

"Sijui," akasema. "Labda ningekuwa nimewaumiza wawili, wewe na yeye, badala ya mmoja."

 Nyamizi alitaka kuinuka amsaidie kumenya viazi, akakatazwa. Daktari alisema asiiname wala asishike jembe hadi kidonda kikauke ndani. Nyanjige alimwekea mgongoni nguo iliyokunjwa, akamwambia akae, akae tu. Yeye mwenyewe alichukua jembe, akaenda kuinua matuta ya viazi nyuma ya nyumba kabla udongo haujakazana, na Nyamizi alimsikia akilima hadi giza lilipoingia.